Dereva wa Lori Amekiri Kosa? Usilale

Msomaji ameuliza swali fupi. Gari lake limegongwa na lori la mizigo, dereva ameshuka akaomba radhi mbele za watu, polisi wameandika. Je, ahangaike zaidi au asubiri tu bima imlipe?

Ahangaike, tena wiki hii hii. Radhi ya barabarani inaweza kubadilika dereva akishakaa na wakili wa kampuni. Na hata asipobadilisha maneno, kosa lake mara nyingi ni sehemu ndogo ya dai. Kinacholiongezea dai uzito ni kosa la kampuni: dereva aliyesukumwa kupita saa zake, breki zilizolegea, mzigo uliozidi au uliofungwa ovyo. Ushahidi wa hayo yote umo mikononi mwa unayemdai. Hapo ndipo ajali ya lori inapoachana na ajali ya magari madogo.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza kutoka kwa wakili wako isiwe ya kudai fedha. Iwe barua ya kutaka ushahidi uhifadhiwe, ipelekwe kwa njia inayoacha risiti kwa mwenye kichwa cha lori, mwenye trela, kampuni inayosimamia safari na kampuni ya bima. Kichwa na trela vina namba tofauti, na mara nyingi wamiliki pia ni tofauti, kwa hiyo piga picha namba zote mbili. Barua inayosema “hifadhini ushahidi wote” haina meno. Taja kimoja kimoja: kumbukumbu za saa za dereva, data ya kompyuta ya injini, GPS, video ya kamera ya kioo cha mbele, ujumbe kati ya dereva na ofisi, ripoti za ukaguzi wa kila siku, rekodi za matengenezo, hati ya mzigo, tiketi za mizani, jalada la ajira la dereva, na majibu ya vipimo vya pombe na dawa za kulevya.

Haraka ni ya nini? Marekani, sheria inaitaka kampuni itunze kumbukumbu za saa za dereva kwa miezi 6 tu, na ripoti za ukaguzi wa gari wa kila siku kwa miezi 3. Katika Umoja wa Ulaya, rekodi za takografu, yaani kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva, hutunzwa angalau mwaka 1. Muda huo ukipita bila barua yoyote, kampuni inaweza kuzitupa na isivunje kanuni hizo. Barua ikishapokelewa mambo hubadilika: anayefuta anaharibu ushahidi, na katika mahakama nyingi hakimu anaweza kuchukulia kwamba kilichofutwa kilikuwa kinaiumiza kampuni. Video haingoji hata miezi. Nyingi hufutwa na video mpya baada ya siku chache. Baadhi ya kompyuta za injini hubaki na rekodi ya lori liliposimama mara ya mwisho, na lori likiendeshwa tena rekodi hiyo inapotea. Ndiyo maana barua iseme pia lori lisiwashwe wala lisitengenezwe kabla mtaalamu wako hajaliona.

Kwenye saa za dereva, usiiamini kumbukumbu peke yake. Kwa mizigo, Marekani inaruhusu saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo. Ulaya ni saa 9 kwa siku, zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Weka kumbukumbu kando ya risiti za mafuta, tiketi za mizani na daftari la geti la ghala. Kumbukumbu ikisema alilala usiku kucha na risiti ya mafuta ikasema saa 8 usiku alikuwa kwenye pampu, umepata dai jipya, zito kuliko lile la kukugonga.

Breki zipimwe na fundi wa upande wako. Kwa chemba ya breki za upepo ya kawaida ya aina ya 30, kiwango cha Marekani ni kwamba fimbo yake, ile inayosukuma breki, isitoke zaidi ya inchi 2. Ikizidi, breki huonekana nzima ukikanyaga taratibu, kisha hushindwa kwenye mteremko mrefu, kwa sababu ngoma ikipata joto hutanuka na fimbo hukosa nafasi ya kusukuma. Dereva atasema breki “zilikatika ghafla”. Hazikukatika ghafla, zilikuwa hazijarekebishwa.

Kampuni ikisema dereva si mwajiriwa wake bali mkandarasi, usikate tamaa. Uliza nani aliyempangia safari, nani anamlipa, jina la nani liko mlangoni na kwenye hati ya mzigo. Waliopakia wanaweza kudaiwa ikiwa mzigo ulihama, na gereji pia ikiwa iliacha kasoro. Hili si uroho. Kiwango cha chini cha bima kwa wasafirishaji wa mizigo ya kawaida kati ya majimbo ya Marekani ni dola 750,000, na majeruhi wanne wa uti wa mgongo huzimaliza mapema.

Kuhusu mwili wako: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na taja kila maumivu, hata yale unayoyaonea aibu kuwa madogo. Pengo la wiki mbili kabla ya kumwona daktari ni zawadi kwa bima. Usimpe mtu wa bima ya upande wa pili maelezo ya kurekodiwa kabla ya kuongea na wakili. Usitie saini hati ya kumaliza madai kabla daktari hajasema hali yako imetulia. Ukilipwa kwa ajili ya gari pekee, hati iseme ni ya gari pekee, la sivyo umeuza na mgongo wako.

Muda wa kufungua shauri la majeraha hutofautiana: Uingereza na Kenya kwa kawaida ni miaka 3, California na Texas miaka 2, Tennessee mwaka 1 tu. Lori likiwa la serikali, notisi hutakiwa mapema zaidi katika sehemu nyingi. Kujadiliana na bima kwa simu na barua pepe hakusimamishi muda huo. Bila makubaliano ya maandishi ya kuuongeza, shauri lifunguliwe mahakamani kabla haujaisha, hata kama mazungumzo bado yanaendelea.