Ukipewa banda la malengo ya dunia, anza na pweza

Mwaka wa kwanza tulipopata banda kwenye Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi, tulibandika mabango 17, kila lengo na bango lake. Ni yale Malengo ya Maendeleo Endelevu ambayo Umoja wa Mataifa uliyapitisha Septemba 2015 ili yafikiwe ifikapo 2030. Siku ya pili upepo wa kusi ulikuwa umeshachana manne. Yaliyobaki watu waliyapita wakielekea mabanda ya mifugo. Niliumia, maana mambo yale yanamhusu mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Newala kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo ukipewa kazi kama hii, kwanza punguza. Mgeni ana dakika tano, na jua linamchoma. Chagua malengo mawili matatu yanayogusa maisha ya watu watakaokuja, mengine yaache.

Pili, mpe mgeni kitu cha kufanya kabla hujamwambia neno. Sisi tulijaza karai mchanga wa pwani, tukafukia choroko. Karai ndilo mwamba, choroko ndio pweza. Wageni wanne wanalizunguka, kila mmoja na kikombe chake. Nikipiga makofi, ni bamvua, maji yametoka, kila mtu achokoe anavyotaka. Kabla ya bamvua linalofuata, kwa kila choroko iliyobaki mchangani tunaongeza moja. Karibu kila kundi lilimaliza mwamba mapema, kisha wakaanza kulaumiana, na mimi nikawaacha walaumiane.

Halafu akaja bibi mmoja na kikapu chake cha ukindu. Nilimwamkia, akacheza, akanishika mkono. "Mwanangu, pweza haongezeki hivyo. Ukimwacha, ananenepa." Alikuwa akichokoa pweza tangu usichana wake, na alisema kweli: pweza wa miamba yetu maisha yake ni mafupi, lakini anakua upesi mno. Usiku ule tulibadilisha mchezo. Choroko iliyosalimika bamvua moja inageuka njugu mawe, ikisalimika la pili inageuka korosho. Mwisho tunamimina vikombe kwenye mizani, kwa sababu pweza ananunuliwa kwa kilo. Mtu akiona kikombe chenye korosho tano kinakizidi uzito kile kilichojaa choroko kumi na tano, huna haja ya kumhubiria. Mwache mjuzi akusahihishe mbele ya watu. Banda letu lilianza kujaa siku hiyo.

Baada ya mizani ndipo nilipowaeleza habari za Songosongo, kule Kilwa, ambako wanakijiji wamewahi kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaifungua na kuvua pamoja. Na mwisho kabisa mgeni anageuza kibao kidogo kilichofunikwa kifudifudi: lengo la 14, bahari na viumbe vyake. Namba ije mwisho. Ikitangulia, watu wanadhani ni mtihani.

Maji tuliyaeleza kwa dumu la lita 20 lililojaa, yaani kilo 20. Mgeni analibeba kulizunguka banda, na tulihakikisha wanaume nao wanabeba. Nyanda za juu za Makonde hazina mito, na watu wa huko wanajua maana ya kulifuata dumu moja mbali. Kijana mmoja alilitua akihema, nikamuuliza kwao nani huchota. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mama. Na dada." Hapo lengo la 6, la maji safi, na la 5, la usawa wa kijinsia, yalikuwa yameshaingia.

Usimuulize mgeni "Umeelewa?" Atakujibu ndiyo kwa adabu, na hutajua kitu. Mwombe amwelekeze anayefuata namna ya kucheza. Akikwama, utajua ulipokosea wewe. Wanafunzi wanaipenda sana kazi hiyo, na mtoto akieleza kwa sauti, watu wazima wanasogea.

Vifaa vyote utavipata sokoni: karai, vikombe, mizani, choroko, njugu mawe, korosho. Ila korosho ghafi zihesabu kila jioni, na mtu mmoja akae karibu na karai muda wote. Mafuta ya ganda lake yanababua mdomo. Watoto wa Mtwara na Lindi wanalijua hilo, lakini mgeni kutoka bara anaweza kuing'ata.