Hafu marathoni kando ya Nzoia, tuanzie wapi?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mimi na wenzangu hapa Mumias tumechoka kukimbia kwa lami na malori ya miwa, tunataka kuchora njia yetu ya hafu kando ya mto Nzoia. Tuangalie nini? – Msomaji, Mumias

JIBU: Safi sana, na mto mnao! Hafu ni kilomita 21.0975, kwa hivyo chagueni kanjia kamoja mwende kilomita 10.55 hivi halafu mgeuze, hapo hata meza moja ya maji inawahudumia mara mbili. Pimeni kwa baiskeli yenye mita, maana chini ya miti saa za GPS huyumba.

Sasa kubwa ni maji. Nzoia inatoka huko Cherangani na Mlima Elgon, so mvua ikinyesha huko juu mto unaweza kujaa na nyinyi Mumias jua linawaka tu, na kuanzia Machi mpaka Mei tope la kingo linavuta kiatu mguuni, kweli linavuta. Siku moja kabla ya mbio mtu apite njia yote kwa mguu, aulize wachota mchanga, hao ndio wanajua ukingo umemong'onyoka wapi. Palipoliwa msipite, zungukeni kwa shamba, lakini muombeni mwenye shamba kwanza.

Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji na korongo wamesimama kwa mawe, aki hapo ni pazuri. Viatu viwe vya meno.