Mwoga kwenye tamasha la filamu za kutisha

Mdogo wangu wa Malindi, umesema shemeji anataka mwende tamasha la filamu za kutisha la Sitges, Uhispania, na wewe paka akiruka tu juu ya mabati hupati usingizi. Nenda! Mtu aliyekulia karibu na magofu ya Gede, akasimuliwa majini ya pale tangu hajaota meno ya pili, ana mazoezi ya kutosha.

Sitges ni mji wa pwani kama kwetu, karibu na Barcelona, garimoshi linafika. Tamasha lipo tangu 1968, na huwa Oktoba. Ila usimwachie shemeji achague filamu zote. Si zote za damu, nyingine ni za njozi tu, nyingine utacheka. Zile za usiku wa manane aende peke yake.

Kaa kiti cha mwisho wa safu, karibu na njia. Kupita mbele ya magoti ya watu kumi gizani huku unatetemeka ni filamu nyingine hiyo. Mimi hubeba kanga, lakini siyo ya kujifunika macho: kinachonirusha ni sauti, basi naziba masikio na picha yenyewe inakuwa kama mchezo.

Na ukikutana na mazombi barabarani, damu hadi kidevuni, usipige mayowe. Ni watu waliojipaka rangi, wana matembezi yao.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia Uhispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiombwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Msisubiri Septemba.