Sheria za Ufilipino baada ya uhuru wa 1946: soma masharti kabla ya kusifu jina

Swali lililoulizwa ni hili: sheria zipi zilikuwa kubwa Ufilipino baada ya uhuru wa 4 Julai 1946, na kwa nini wakulima wa mpunga waliendelea kulima mashamba ya watu wakati Bunge lilikuwa likipitisha sheria ya ardhi moja baada ya nyingine?

Orodha ya majina na miaka haitakusaidia. Sheria za kipindi kile zina tabia ya kutoa haki kwenye kifungu cha mbele na kuibana kwenye kifungu cha nyuma, kwa hiyo nitajibu kwa masharti na hesabu zake.

Kwanza namba, maana hapa wengi hupotea. Sheria za 1935 hadi 1946 zinaitwa Sheria za Jumuiya ya Madola ya Ufilipino, yaani serikali ya mpito iliyokuwa chini ya Marekani. Kuanzia 1946 hesabu ilirudi kwenye 1 kwa jina la Sheria za Jamhuri, ikaenda hivyo hadi 1972 Rais Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi na kuanza kutawala kwa amri za rais. Kwa hiyo ukiona "Namba 34" bila kuambiwa ni ya mfululizo upi, usiinukuu. Halafu tofautisha siku ya kusainiwa na siku ya kuanza kutumika. Kanuni ya Madai (sheria ya mambo ya raia kama mirathi na mikataba), Sheria ya Jamhuri Namba 386, ilisainiwa 18 Juni 1949 lakini ikaanza kutumika 30 Agosti 1950. Mirathi ya mtu aliyefariki katikati ya tarehe hizo inafuata kanuni ya zamani ya Kihispania.

Sheria iliyobana zaidi uchumi wa nchi hiyo mpya haikutungwa Manila. Ilitungwa Washington, ikasainiwa na Rais Truman wa Marekani 30 Aprili 1946, uhuru ukiwa bado miezi miwili. Ni Sheria ya Biashara ya Bell. Kwa miaka 8 bidhaa zingepita pande zote mbili bila ushuru, kisha ushuru upande kwa asilimia 5 kila mwaka hadi ufike kamili 1974. Kwa maneno hayo matupu inaonekana ni haki kwa haki. Tazama viwango sasa: sukari ya Ufilipino ilifungiwa tani kubwa (za kilo 1,016) 850,000 kwa mwaka, mafuta ya nazi tani kubwa 200,000, kamba ratili 6,000,000. Bidhaa za Marekani kuingia Ufilipino hazikuwekewa kikomo. Peso nayo ilifungwa kwenye 2 kwa dola 1, na isingebadilishwa bila ridhaa ya Rais wa Marekani. Nchi yenye bendera yake ilikuwa haina mamlaka juu ya thamani ya fedha yake.

Sharti zito zaidi lilihusu Katiba. Katiba ya 1935 ilitaka asilimia 60 ya mtaji wa kampuni zinazochimba madini, kukata misitu au kuendesha huduma za umma iwe ya Wafilipino. Sheria ya Bell ilidai Wamarekani wahesabiwe sawa na wananchi. Ili kulazimisha jambo hilo, sheria nyingine ya Marekani iliyokuja nayo, ya kufidia uharibifu wa vita, ilizuia malipo yoyote yanayozidi dola 500 kabla ya mkataba wa biashara kukubaliwa. Manila ilikuwa magofu. Mtu aliyepoteza nyumba nzima, dola 500 zingemfikisha wapi?

Kubadili Katiba kulihitaji robo tatu ya wabunge wote katika kila baraza. Maseneta 3 walikuwa wamesimamishwa, na wawakilishi 8 walikuwa hawajaruhusiwa kukaa kwenye viti vyao. Wasiokuwepo hawakuhesabiwa, na kura zikatosha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kwa jina la Mabanag dhidi ya Lopez Vito, na Machi 1947 Mahakama ikasema hilo ni suala la kisiasa, si lake kuamua. Hukumu yenyewe haifichi kwamba wangehesabiwa, robo tatu isingefika. Siku chache baadaye, 11 Machi, wananchi wakapiga kura ya maoni na badiliko likapita. 14 Machi ukasainiwa mkataba wa kambi za kijeshi za Marekani wa miaka 99. Kwa maoni yangu, wiki ile inaeleza muongo mzima uliofuata.

Makubaliano ya Laurel na Langley kati ya Ufilipino na Marekani, yaliyoanza kutumika 1956, yaliifungua peso na kupunguza kasi ya ushuru kwa bidhaa za Ufilipino. Lakini haki sawa za Wamarekani yalizipanua hadi biashara za kila aina, na zikadumu hadi 3 Julai 1974.

Hapo utaelewa Sheria ya Jamhuri Namba 1180 ya 1954, iliyofanya biashara ya rejareja kuwa ya Wafilipino peke yao. Raia wa Marekani waliachwa nje ya katazo, na uzito wote ukawaangukia wenye maduka wa Kichina. Mgeni aliyekuwa na duka tarehe 15 Mei 1954 aliruhusiwa kuendelea mpaka afe au aache mwenyewe. Warithi wake walipewa miezi 6 tu ya kufunga hesabu. Fundi anayeuza alichotengeneza mwenyewe kwa mtaji usiozidi peso 5,000 hakuhesabiwa muuzaji wa rejareja, wala mkulima anayeuza mazao ya shamba lake. Mahakama iliithibitisha sheria hiyo 1957 katika kesi ya Ichong.

Sasa mpunga. Sheria ya Jamhuri Namba 34 ya 1946 ilileta mgawo maarufu wa mavuno wa 70 kwa 30 kati ya mkulima na mwenye shamba, na wengi hudhani mkulima alipata 70 moja kwa moja. Alipata 70 ikiwa tu zana, wanyama wa kulimia na gharama za upanzi na matunzo vilitoka kwake.

Sheria Namba 1199 ya 1954, ya wakati wa Rais Magsaysay, iliandika kila mchango na thamani yake: ardhi 30, kazi 30, zana 5, wanyama 5, kupiga haro ya mwisho (kulainisha udongo baada ya kulima) 5, kupandikiza miche 25. Chukua mfano wa shamba lenye kavani 50 (kavani ni kipimo cha huko, lita 75) baada ya kutoa mbegu na gharama za kuvuna na kupura. Mkulima mwenye nyati na plau yake, anayelipia kupandikiza, anapata 70, yaani kavani 35. Mwenzake asiye na nyati, ambaye mwenye shamba amempa mnyama na zana na kulipia kupandikiza, anabaki na 30 ya kazi na 5 ya haro. Hizo ni kavani 17 na nusu. Jasho ni lile lile na sheria ni ile ile. Mkulima maskini hakuwa na nyati, na alikopa fedha za upanzi kwa huyo huyo mwenye shamba. Kwa hiyo unaposoma kwamba sheria "ilimpa mkulima asilimia 70", uliza nyati alikuwa wa nani.

Sheria hiyo ilimruhusu pia mkulima kuhama kutoka mgawo kwenda kodi ya kukodi shamba: isiyozidi asilimia 30 ya mavuno kwa ardhi ya daraja la kwanza, yaani yenye wastani wa zaidi ya kavani 40 kwa hekta katika miaka 3 iliyotangulia, na 25 kwa daraja la pili. Alitakiwa kutoa taarifa mwezi 1 kabla ya msimu. Kumbe mlango wa kumtoa ulikuwa wazi pia: mwenye shamba akisema kwa nia njema kwamba anataka kulima mwenyewe au kwa mashine, na akitoa taarifa mwaka 1 mapema, alikuwa na sababu halali.

Mwaka uliofuata ikaja Sheria Namba 1400 ya kununua mashamba makubwa. Kwa kawaida, kutwaa kwa lazima kuligusa tu sehemu iliyozidi hekta 300 zilizoshikana kwa mtu binafsi, na 600 kwa kampuni. Neno "zilizoshikana" ndilo lililoiua. Mwenye hekta 900 katika vipande vinne sawa vilivyotengana aliweza kuikwepa.

Kanuni ya Ardhi ya Rais Macapagal, Namba 3844 ya 8 Agosti 1963, ilishusha kikomo hadi hekta 75, ikasema mgawo wa mazao ni kinyume cha maslahi ya umma na kuweka kodi ya asilimia 25. Kwenye karatasi ndiyo bora kuliko zote. Ila mgawo ulifutika tu pale serikali ilipotangaza eneo, wilaya kwa wilaya, na mashamba ya minazi, kahawa na matunda yaliwekwa kando. Ilibidi kungoja Sheria Namba 6389 ya 1971 ili mgawo ugeuke kodi nchi nzima bila kusubiri tangazo, na hata hapo mazao yaliyopangiwa kiasi cha kuuzwa sokoni, hasa miwa, yaliachwa yaendelee na mikataba ya mgawo hadi Rais atakapoamua.