Biti hainolewi kama penseli: angalia kisigino kabla ya kutoboa

Ndugu yetu wa Magu, usiipeleke hata biti moja, yaani kile chuma cha kutobolea kinachofungwa kwenye drili, kwenye jiwe la mashine ya kunolea Jumamosi kabla hujasoma haya mpaka mwisho. Umeandika kwamba una kopo la biti butu zaidi ya ishirini, na kwamba jirani yako amekushauri uzizungushe kwenye jiwe "kama mtu anayechonga penseli" mpaka ncha ing'ae, kisha uzitumbukize kwenye maji zikiwa bado nyekundu ili zikomae. Ushauri huo, karibu neno kwa neno, nilipewa mimi mwaka 2019 katika karakana yangu ndogo huku Igombe, Mwanza, nami niliulipia kwa fedha na kwa mteja niliyekuwa nimemtumikia kwa miaka minne. Umeuliza pia kuhusu kifaa cha kushikilia biti wakati wa kunoa, aina ya jiwe, na biti za kutobolea zege. Hayo yana nafasi yake, lakini hayatakusaidia chochote ukianza na kosa hili.

Watu wengi hudhani biti inakata kwa ncha. Haikati kwa ncha. Inakata kwa makali mawili yanayoanzia katikati na kushuka hadi pembeni, kila moja likiwa mbele ya mfereji wake, ile njia iliyojipinda ubavuni mwa biti ya kutolea maranda. Nyuma ya kila kali kuna mwili wa chuma unaomalizikia kwenye sehemu ninayoiita kisigino. Ukiisimamisha biti mbele ya macho, ncha ikitazama juu, kisigino lazima kiwe chini kuliko kali. Mteremko huo ni mdogo, kati ya nyuzi 8 na 12 hivi, lakini ndio unaoliruhusu kali kuzama kwenye chuma. Unapoizungusha biti kwenye jiwe kama penseli, unakifanya kisigino kiwe sawa na kali, na hapo unapata ncha ya mviringo kama pia ya kuchezea watoto, nzuri ya kutazama, yenye kung'aa, ambayo ukiigusa kwa kidole inachoma kabisa, lakini ikifika kwenye chuma inateleza juu yake kama kijiti.

Sasa nikueleze ilivyonigharimu. Mwenye mtumbwi wa dagaa aliniletea mabamba mawili ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, yenye unene wa milimita 8, ya kuimarisha ubao wa nyuma unaobeba injini, akataka kila bamba liwe na matundu manane ya bolti za milimita 10. Ilikuwa siku za mbalamwezi, wakati ambapo mitumbwi ya dagaa hupumzishwa kwa sababu taa haziwavuti samaki mbele ya mwezi, na wenye vyombo hutumia siku hizo kufanya matengenezo. Aliniambia wazi kwamba giza likirudi chombo lazima kiwe majini. Nikamwambia siku tatu zinatosha.

Usiku ule nilinoa biti zangu zote za milimita 10 kwa mtindo wa penseli. Asubuhi nikafunga bamba kwenye vaisi, yaani jiriwa, nikapiga panchi kuweka alama ya tundu, nikaiachia drili iende kwa kasi yake yote. Ikapiga kelele kama mlango wenye bawaba kavu. Hakuna maranda yaliyotoka, ni vumbi tu la kijivu na moshi wa mafuta, na chini ya biti pakaanza kutokea kijishimo kama cha kijiko, laini, chenye mng'ao, na pembeni yake rangi ya bluu ikienea. Badala ya kusimama na kujiuliza kwa nini chuma hakitoi maranda, niliegemea drili kwa kifua.

Hilo ndilo kosa lililonimaliza, kwa sababu stenlesi ina tabia ambayo chuma cha kawaida hakina kwa kiwango hicho: ukiisugua bila kuikata, uso wake unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Kila sekunde niliyoendelea kusukuma nilikuwa nakikomaza kile kijishimo dhidi yangu mwenyewe. Nilipokwenda mjini kununua biti mpya kabisa na kurudi, hata hiyo mpya haikuingia pale. Ilizunguka mara chache, ikapoteza makali. Nilikuwa tayari nimeanzisha matundu sita kwa namna hiyo. La saba liliivunja biti ndani yake. Mteja alikataa mabamba yale, na alikuwa na haki. Nikamlipa thamani yake, tukasubiri mengine yatoke Dar es Salaam, na wakati huo giza lilikuwa limeshaingia. Kwa siku tisa mtumbwi wake ulikaa mchangani huku usiku tukiona taa za wenzake zimejaa ziwani. Wavuvi wake walikuwa wakipita mbele ya karakana yangu kila asubuhi bila kunisalimu.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa siku nyingi, mtu ambaye nilimwamini kwa sababu ya mvi zake na mashine zake. Miezi kadhaa baadaye nilimsaidia kuhamisha vitu, nikafungua droo yake na kukuta biti kama hamsini, zote zina ncha za penseli, zote zimeungua bluu. Yeye alikuwa ananunua biti mpya kila anapopata kazi ya maana! Hakuwahi kunoa biti ikakata, na bado alikuwa akiwafundisha vijana kunoa kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Jambo hili linanikera mpaka leo. Mtu asiyejua akinyamaza hana kosa, lakini kumfundisha mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe kimekushinda ni kumwibia, na nimekasirika zaidi kuona jirani yako anakufanyia hivyo hivyo.

Fanya hivi. Vaa miwani, vua glavu, kwa kuwa mashine inayozunguka hukamata kitambaa pamoja na vidole. Ishike biti ili kali moja liwe limelala sawasawa mbele ya jiwe, na biti nzima iwe imekaa kwa pembe ya nyuzi 59 na uso wa jiwe, kwa maana ncha ya kawaida ina jumla ya nyuzi 118. Gusisha kali kwanza. Kisha shusha mkono unaoshika shina, taratibu, ili jiwe lilambe kutoka kwenye kali kwenda kwenye kisigino. Shina linashuka tu. Likipanda juu ya usawa ulioanzia, umeharibu. Usiizungushe mzunguko kamili hata mara moja. Igeuze upande wa pili, urudie idadi ileile ya miguso, kwa sababu kali moja likiwa refu kuliko jingine tundu la milimita 10 litatoka kubwa na bolti itacheza. Kupima pembe, weka nati mbili za pembe sita zikigusana ubavu kwa ubavu: bonde lililo kati yake lina nyuzi 120, na ncha yako inatakiwa kukaa humo vizuri.

Kuhusu maji, chovya mapema na mara nyingi, biti ikiwa bado inashikika kwa vidole. Biti nyingi nzuri zimeandikwa HSS kwenye shina, aina ya chuma kinachostahimili joto la kukata, na chuma hicho hakipotezi ugumu kwa kugeuka bluu kidogo, lakini ukikitumbukiza kwenye maji kikiwa chekundu kinapata nyufa ndogo usizoziona, na kali linamegeka kwenye kazi ya kwanza. Ikishapata moto sana, iweke mezani ipoe yenyewe. Zile za zege usizipeleke kwenye jiwe la kijivu kabisa. Kipande kilicho kwenye ncha yake ni kigumu mno kwa jiwe hilo.

Ukimaliza biti ya kwanza, usiendelee na ya pili. Funga kipande cha chuma chakavu, weka mafuta, endesha drili polepole, na kama ni stenlesi kwa biti ya milimita 10 mizunguko kama 400 kwa dakika inatosha, huku ukisukuma kwa uthabiti bila kusitasita. Angalia mifereji. Kila mmoja ukitoa uzi wake wa maranda unaojikunja, mbili zinazolingana, endelea na kopo lako. Ukitoka mmoja tu, makali hayalingani. Kukitoka vumbi na kelele, zima mashine papo hapo, simamisha biti mbele ya macho, utazame kisigino.