Miezi mitatu ya Maria na bidoni ya shangazi

Kwa miaka mingi nilimtembelea shangazi yangu wa Kadutu, mjini Bukavu, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, nikiwa na kilo moja ya sukari na mche wa sabuni, na nusu saa haikupita kabla sijaaga. Nilidhani nimemtumikia, kumbe yeye ndiye aliyeinuka kwa magoti yake mabovu, akawasha makala na kunichemshia chai.

Jumatano moja nilipita bila kumwarifu, nikamkuta akipanda mteremko na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, kwa kuwa bomba la mtaa wao lilikuwa limekauka. Aliponiona aliona haya. “Tangulia nyumbani, mwanangu,” akasema, “nakuja kukupikia chai.”

Usiku ule nilisoma upya Luka 1:39-56. Maria alipoambiwa na malaika kwamba jamaa yake Elisabeti, ambaye ni mzee, ana mimba ya miezi sita, alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milimani ya Yuda. Sisi waimbaji wa kwaya tunapenda wimbo wake wa kumsifu Mungu, lakini tunauruka mstari wa 56, unaosema kwamba alikaa huko kama miezi mitatu. Luka hataji kazi aliyoifanya. Hata hivyo, katika nyumba ya mjamzito mzee, sioni mgeni angewezaje kukaa muda huo wote akiwa amekunja mikono.

Neno lililonichoma zaidi liko katika Marko 7, ambapo Yesu anawakemea watu waliowanyima wazazi msaada kwa kusema kwamba mali yao ni Korbani, yaani imekwisha kutolewa kwa Mungu. Korbani yangu ilikuwa mazoezi ya kwaya, yaliyoangukia Jumatano.

Kwa hiyo nakushauri uende siku ya kazi, ukiwa na nguo zinazoweza kuchafuka, wala usiulize, “Mnahitaji nini?” kwa maana wazee wetu watajibu kwamba hawahitaji kitu. Tazama bidoni zilizo nyuma ya mlango. Zikiwa tupu, zichukue. Kiongozi wa kwaya alinuna majuma mawili, kisha akanizoea. Shangazi bado hajanizoea: kila Jumatano ananifuata mpaka mlangoni akilalamika kwamba nusu ya maji nimeyamwaga njiani.