Siku ya ziada Horombo ni ya nini?

SWALI: Nina miaka 34, nakimbia kilomita kumi mara nne kwa wiki. Desemba nataka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nimepewa ratiba mbili: ya siku tano, na ya siku sita ambayo siku moja nzima tunabaki Horombo, kambi ya pili ya kulala. Kwa mtu mwenye pumzi kama mimi, hiyo ya sita si kulipia usingizi tu?

JIBU: Kaka, ilipie. Mazoezi yako yatakufaa mapajani na magotini, hasa wakati wa kushuka. Hewa nyembamba haijali unakimbia kilomita ngapi. Tena wakimbiaji ndio wanaonipa kazi mimi mwongozaji: saa saba mchana keshafika Horombo, wenzake bado wako njiani, jioni ameshika kichwa na supu haitaki.

Angalia vimo vya kambi tatu za kulala. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700. Ukiunganisha moja kwa moja, kila usiku unalala mita elfu moja juu ya ulipolala jana. Madaktari wa milimani wanashauri ukivuka mita 3,000, usipandishe malazi kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku. Na Kibo kwenyewe hulali: saa tano usiku unaamshwa, unakunywa chai, unaanza kukitafuta kilele, Uhuru, mita 5,895. Huko oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo.

Mwili hujitetea kwa kuhema zaidi. Ukihema sana unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inapungua asidi, na ubongo unaanza kuizuia pumzi. Figo ndizo zinazofungua kizuizi hicho, kwa kutoa bikaboneti, kitu kinachopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, nazo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana usiku utatoka nje mara tatu na tochi kichwani. Usipunguze maji kwa kuogopa baridi.

Siku ya ziada Horombo ni ya kuzipa figo muda huo, na mchana wake hatulali. Asubuhi tunapanda hadi Miamba ya Pundamilia, kama mita 4,000, tunakaa kidogo, tunarudi kulala palepale 3,720. Mwendo ni wa kuweza kusimulia hadithi bila kukata sentensi, ukikata, punguza. Dawa ya asetazolamaidi inazihimiza figo hizohizo, ila muulize daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na usiihesabu kuwa ni mbadala wa siku.

Kichwa kikiuma kidogo, hilo la kawaida. Lakini ukishindwa kutembea kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, au ukihema kwa shida ilhali umekaa, tunashuka usiku huohuo, hata kama kilele kinaonekana.

Na nikikuuliza asubuhi umeamkaje, usinijibu "salama" kwa adabu. Niambie uji umekunywa vijiko vingapi.